Mimi Sijafunga Machi

Mama yangu ana kimashine cha kupimia sukari, na kila asubuhi akishajichoma kidole anakipiga picha kimashine hicho na kuituma kwenye grupu la familia. Hasalimii. Haandiki neno. Ni picha tu: kioo kidogo chenye namba, kitambaa cha meza chenye maua ya waridi, na mara nyingine kipande cha andazi pembeni ambacho hakikupaswa kuwepo. Sisi tulio makazini tunajibu kwa mioyo na vikono vya dua, halafu kaka yangu anauliza, "Mama, na hilo andazi?" Mama hajibu. Hajawahi kujibu hata siku moja, na mimi nampenda kwa hilo mpaka basi.

Anaishi Kariakoo, kwenye nyumba ya chini aliyozaliwa baba, mojawapo ya zile chache zilizobaki. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, katikati sisi na bati letu. Chumba cha mbele wamepanga vijana wanaouza kava za simu, kwa hiyo ukitaka kwenda kwa mama lazima upenye katikati ya makava yanayoning'inia, na muziki wao, na ile "Karibu dada, simu gani?" wanayoniambia mpaka leo wakati wananijua vizuri kabisa.

Mimi ndiye kitinda mimba. Nafanya kazi Upanga, kwenye ofisi moja ya takwimu, na kazi yangu kubwa ni kuchora grafu kwa kompyuta. Mama anawaambia watu mwanawe "anachora". Kuna jirani alishanifuata siku ya harusi ya binti yake akitaka nimchoree hina. Nikamweleza nachora mistari inayopanda na kushuka. Akaniangalia kwa huruma, akasema si kitu, nitajifunza.

Baba alifariki mwaka jana, Mfungo Sita. Mimi ukiniuliza bila kufikiri nitakutajia mwezi wa kizungu, maana ndio ulioandikwa kwenye cheti, lakini mama hesabu zake zote ni za mwezi wa angani: Ramadhani ikiisha inaanza Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, inaenda hivyo mpaka Mfungo Tisa, halafu Rajabu, halafu Shaabani, na Ramadhani hiyo tena. Alizaa kwa miezi hiyo, akaolewa kwa miezi hiyo, na akafiwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Akakaa eda. Alipotoka eda ilikuwa Rajabu, na siku ya kwanza tuliyokaa wote kula chakula cha mchana, kabla sahani hazijaondolewa, alitangaza: "Ramadhani hiyo inakuja, na mimi nafunga."

Kaka akasema hapana.

Kaka ndiye wa kwanza kuzaliwa. Ana duka la vifaa vya ujenzi eneo la Gerezani, mtu mnene wa sauti, kidole gumba chake cha kulia kina ukucha uliopasuka katikati tangu alipojipiga nyundo utotoni. Tangu baba afariki amekuwa mkali kuliko baba mwenyewe alivyowahi kuwa. "Mama una sukari. Una umri. Umetoka eda juzi tu. Dini yenyewe imekuruhusu, sasa wewe unamshindania nani?" Mama akawa anakusanya punje za wali mezani kwa kidole, moja moja, kama hasemeshwi yeye. Nikajua hapo hakuna atakayeshinda.

Tukaenda kliniki wote watatu. Daktari alikuwa dada mdogo tu, mtu wa Moshi kwa lafudhi yake, mpole lakini hayumbi. Alisema hakatai wala hakubali. Alitaka vipimo vya sukari vya miaka miwili, aone Ramadhani mbili zilizopita mama alikuwaje. "Kama sukari ilikuwa inaruka ruka, mama, nitakuzuia, na utanisamehe. Kama ilitulia, tutaongea." Basi wote wakageuka kuniangalia mimi, mchoraji.

Vipimo vyote vilikuwa kwenye grupu. Nikakaa na simu nikirudi nyuma, picha baada ya picha, katikati ya maua ya Ijumaa njema na video za mapishi, huku naingiza tarehe na namba kwenye kompyuta. Kazi ya kuchosha, ila kuna kitu sikuwa nimejiandaa nacho. Kwenye picha za zamani kimashine hakikulazwa mezani. Kilishikwa. Pembeni ya kila namba kuna kidole gumba cha baba, chembamba, chenye kovu la kisu, kwa sababu mama mkono mmoja alikuwa amejichoma na mwingine ameshika simu, hivyo baba ndiye aliyekuwa mshikaji. Miezi na miezi ya kidole kile. Halafu inafika Mfungo Sita, na kuanzia hapo kimashine kinalala juu ya maua ya waridi peke yake. Wallahi nililia mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akaniletea maji.

Nikachora. Sasa, mambo ya grafu, kwa asiyejua: ukiipa kompyuta tarehe nyingi, yenyewe inaamua iandike zipi chini ya mstari, na haina adabu hata kidogo. Mara ya kwanza ilinipangia tarehe zote zikapandana, mwaka juu ya mwezi, mwezi juu ya siku, huwezi kusoma kitu. Nikaiambia iweke alama moja tu kila mwanzo wa mwezi, na majina yawe ya Kiswahili, Januari, Februari, Machi, yalale upande kidogo yasigongane. Ikapendeza. Nikajiona fundi. Na pale juu mstari wa mama ulikuwa wazi kabisa: umetulia, umetulia, halafu ghafla unapanda juu kabisa na kushuka. Mwaka juzi mara moja, mwaka jana mara moja. Na mara zote mbili, chini yake, jina lilikuwa moja: Machi.

Nikaituma kwa kaka. Jumamosi hata sijavua viatu, nimekuta ameshafika kwa mama, ameishika simu juu kama refa aliyetoa kadi.

"Machi! Mwaka juzi Machi, mwaka jana Machi! Mama, Ramadhani ilikuwa lini miaka hiyo? Machi. Kila mtu anajua ilikuwa Machi. Haya, mashine imesema yenyewe, sijasema mimi."

Na mimi niliamini hivyo hivyo. Tena nilipumua, kwa sababu hata mimi sikutaka afunge. Nilimwazia amelala chini jikoni saa tisa mchana, na wale vijana wa kava wanapiga muziki. Nikafungua kompyuta nimwonyeshe mama mwenyewe, taratibu, ili iishe bila ugomvi.

Mama akavaa miwani. Akaiangalia grafu kwa muda mrefu, kidole kinafuata mstari.

"Hii ndiyo mimi?"

"Ndiyo wewe, mama."

"Na haya maneno ya chini?"

"Miezi, mama. Hii Januari, hii Februari, hapa Machi, ndipo sukari ilipopanda."

Akavua miwani. "Mimi sijafunga Machi," akasema. "Machi nalipia maji. Mimi nimefunga Ramadhani. Niandikie miezi yangu."

Kaka akacheka ile ya kukosa subira. "Mama jamani, mwezi ni mwezi tu. Jina halibadilishi sukari."

"Kama halibadilishi, sasa wewe kinakuwasha nini mdogo wako akiliandika?"

Nilitaka kucheka, nikajikuna pua.

Basi nikakaa pale pale kwenye mkeka kuandika miezi ya mama, na moyoni nilifanya kwa kumridhisha tu. Haikuwa kazi nyepesi. Programu ninayochorea inajua miezi ya kalenda ya ukutani, basi. Ukiiambia Mfungo Nane inakushangaa. Ilibidi niizuie isipange kitu chochote, niipe mimi mwenyewe orodha yangu: alama weka hapa, na hapa, na hapa, na chini ya kila moja andika neno hili. Shida ikawa tarehe zenyewe. Kwenye mtandao zipo, lakini ni za hesabu, na mwezi wetu hauendi kwa hesabu, unaenda kwa kuonekana. Mama akasema mwaka juzi mtandao ulishafunga na sisi bado tunakula. Nikarudi tena kwenye grupu. Ukitaka kujua Ramadhani iliandama lini Dar es Salaam angalia simu yako: jioni hiyo zinamiminika taa, misikiti, nyota, mwezi mwembamba unaometa, shangazi mmoja peke yake ametuma kumi na kitu. Hapo ndipo alama yangu ilipokaa. Idi vile vile. Miezi mingine mama alinitajia akihesabu kwenye pingili za vidole, ananikemea nikichelewa.

Kuna jambo moja zaidi nililibadilisha, na nililibadilisha kwa ajili ya macho yake tu. Ile grafu ya kwanza, jina la mwezi lilikaa chini ya siku yake ya kwanza. Ukiandika neno Machi chini ya tarehe moja, neno lina upana. Nusu yake inaingia Februari, na jicho linachukua kila kilicho juu ya neno linasema hii ni Machi. Mama alikuwa anafuata kwa kidole, akipotea. Kwa hiyo nikalisogeza kila jina likae katikati ya mwezi wake, na kwenye mpaka wa mwezi na mwezi nikachora kijistari chembamba kinachopanda mpaka juu. Nikabonyeza. Ikachoreka upya.

Ule mlima haukuhama hata nywele. Ulikuwa pale pale ulipokuwa. Ila sasa ulikuwa upande wa kushoto wa kijistari, miaka yote miwili, mwishoni kabisa mwa Shaabani. Baada ya kijistari, ndani ya Ramadhani, mstari unashuka, unatulia, na unatembea hivyo mwezi mzima kama mtu aliyetoka kuswali. Unakuja kuinuka kidogo Mfungo Mosi, kwa ajili ya Idi, unarudi chini.

Nikaangalia tena tarehe, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Mwaka juzi tuliingia Ramadhani katikati ya Machi na mlima ulikuwa siku za mwanzo za Machi. Mwaka jana tuliingia mwanzo wa Machi na mlima ulikuwa mwisho wa Februari, ila lile neno pana lilikuwa limeufunika.

"Si Ramadhani," nikasema. "Ni kabla yake. Mwisho wa Shaabani kuna nini?"

Wote tulijua kwa pamoja. Kaka ndiye aliyelitamka, kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa mwili ule.

"Vunja jungu."

Kwetu vunja jungu si mchezo. Siku za mwisho kabla ya mfungo watu wote wanakula kama dunia inafungwa, na sisi watoto tunakula kwa mama. Kaka analeta biriani sufuria mbili na kreti ya soda. Mimi naleta halua ya Unguja na keki. Shangazi anakuja na visheti vyake na kaimati zinazoogelea kwenye shira. Tunakula, tunacheka, tunaondoka, na chakula chote kinabaki kwenye friji la mama. Na mama hatupi chakula. Kutupa chakula kwake ni dhambi, kwa hiyo anakimaliza mwenyewe, siku baada ya siku, halua kwa chai, keki kwa chai, ili mwezi mtukufu uingie friji likiwa safi.

Mama aliangalia mlima, akamwangalia kaka, akaniangalia mimi. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka upande wa kanga ukaanguka. "Loo! Mnanilisha wenyewe, halafu mnaisingizia Ramadhani! Biriani ya nani ile? Halua ya nani? Mashine imesema yenyewe, sijasema mimi!"

Mimi nilicheka naye mpaka machozi. Kaka hakucheka. Alikuwa ameketi pale kwenye kochi la baba, ameinamisha kichwa, anausugua ule ukucha wake uliopasuka.

"Mama, mimi naogopa," akasema. "Sukari sijui, milima sijui. Mimi nimeshaingia kaburini mara moja kumpokea baba na kumlaza. Naogopa utaanguka humu ndani peke yako, na hakuna atakayesikia."

Sijawahi kumsikia kaka akisema vile. Mama akairudisha kanga begani. Akainuka, akaenda kukaa mkono wa kochi, akamwekea kiganja kisogoni kama anavyofanya kwa wajukuu.

"Mwanangu, mimi kila Ramadhani tangu niolewe nimefunga na baba yenu. Alikuwa akiniamsha kula daku, ananiambia amka bibi harusi, mpaka nina mvi. Hii ya kwanza hayupo. Mnataka niikae nikila mchana, peke yangu, jua linawaka, nasikia adhana ya magharibi sina cha kufungua? Hapo ndipo nitakapoanguka."

Vijana wa kava walikuwa wamepunguza muziki, au labda umeme ulikatika kwao, sijui.

Alipotulia akarudi kwenye kompyuta. Nilipokuwa napanga majina niliurefusha ule mstari wa chini kwenda kulia, nikaandika na miezi miwili inayokuja, Shaabani na Ramadhani, juu yake hakuna kitu, peupe. Akapagusa pale peupe.

"Mbona huku hakuna mstari?"

"Bado hatujafika, mama. Ngoja nipaondoe."

"Acha. Liache jina hapo hapo. Tutafika, inshallah."

Nikaliacha. Nikaichapisha hivyo hivyo, na wiki iliyofuata tukaipeleka kliniki.

Daktari akamwamkia mama, mama akaitika marahaba, na karatasi ikawekwa mezani. "Mfungo Sita ndiyo nini, mama?" Basi hapo mama akapata mwanafunzi. Alimhesabia miezi yote kwa pingili, na daktari akaandika kwa penseli juu ya karatasi yetu miezi ya kwake, kila mmoja pembeni ya mwenzake. Akauona mlima wa Shaabani, tukamweleza, akajizuia kucheka kwa heshima. Kisha penseli ikaenda kwenye kilima kingine kidogo, cha karibuni.

"Na hapa, hii Mfungo Sita, palitokea nini?"

"Hapo alifariki mume wangu," mama akasema.

"Pole sana, mama." Akaiweka penseli chini.

Akamruhusu. Kwa masharti: dawa zihamie futari na daku, kwa kipimo kipya alichokiandika, apime asubuhi na apime tena alasiri, ikishuka chini ya namba aliyoichora kwa wino mwekundu, au mwili ukitetemeka, afungue pale pale, hata kama muadhini ameshashika kipaza sauti. Na asikae peke yake. Hilo la mwisho alilisema akituangalia mimi na kaka. Kaka akajibu "sawa, daktari," basi.

Vunja jungu ya mwaka huu ilikuwa samaki wa kuchoma, mchicha na machungwa. Wiki hiyo mama aliandika kwenye grupu, maneno yake ya kwanza tangu lianze: "Atakayekuja na halua alale nayo kwake." Shangazi alinuna, akaja na visheti vimefichwa kwenye mkoba, akarudi navyo.

Mwezi ukaandama. Siku ya kwanza nilikuwa ofisini na grafu ya mama iko wazi mbele yangu, nikijifanya nafanya kazi ya watu. Picha ya asubuhi ilikuja kama kawaida, namba nzuri, kimashine mezani juu ya waridi. Nikasubiri ya alasiri. Ilipopita saa kumi nikaanza kuitazama simu kila nikipumua. Nikataka kupiga, nikajizuia, nikashika tena simu.

Ikaingia. Namba ilikuwa juu ya ile ya wino mwekundu, imetulia, namba ambayo daktari angeipenda. Nyuma yake sahani ya tende, hazijaguswa. Na kimashine hakikuwa mezani. Kilikuwa kimeshikwa. Pembeni ya namba palikuwa na kidole gumba kinene, ukucha umepasuka katikati. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kaka alikuwa amehamia kwa mama tangu jana yake na begi lake moja, duka amemwachia shemeji yake, na hakumwambia mtu.

Niliitazama ile picha mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe. Kisha nikaweka nukta ya mama juu ya neno Ramadhani, pale palipokuwa peupe, nikafunga kompyuta, nikachukua bajaji kwenda Kariakoo kufuturu nao.